Paka Ndani ya Bafle



Katika ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kofia ya kazi, vumbi la mawe, mbabula yenye makala ndani ya chumba kilichofungwa. Leo tunaongea juu ya paka na bafle ya muziki. Wengine watacheka. Wacheke, lakini wasome mpaka chini, kwa sababu kwenye dispanseri hatucheki wakati mtoto analetwa na mkono umevimba toka kidole mpaka kiwiko, na baba anaeleza kwamba mtoto alikuwa anatafuta pusi ndani ya bafle.

Tunajua nyumba zetu. Bafle nyingi za hapa hazikutoka kiwandani. Mtu ananunua hoparleri sokoni, anamwita seremala, seremala anapiga sanduku la tripleksi lenye kimo cha mtoto wa shule, anakata tundu kubwa la hoparleri na tundu lingine dogo la mviringo chini yake. Bafle inasimama katika pembe ya sebule, na siku ya sikukuu kartie nzima inaisikia. Katika nyumba hiyo mara nyingi kuna paka pia, na hilo ni jambo jema. Paka anafukuza panya wanaokula bunga ndani ya mfuko na kutafuna nyuzi za umeme. Kwa hiyo hatusemi mtu afukuze paka wake. Tunataka paka akae inje ya bafle, basi.

KWA NINI ANAINGIA

Kuna watu wanaosema paka anayeingia ndani ya bafle ametumwa na adui. Paka hakutumwa na mtu. Anafuata mwili wake namna ulivyoumbwa.

Kwanza kuna tundu lenyewe. Paka ni mwindaji wa mashimo. Akiona nafasi nyembamba yenye giza, kwake yeye pale ndipo panya anapokaa, na lazima atie kichwa aone. Masharubu yake marefu yanampimia upana. Tena mabega yake si kama yetu: mfupa wa mtulinga kwake ni mdogo sana na haukushikana na mifupa mingine, kwa hiyo mahali kichwa kimepita, mwili wote unaweza kufuata. Ndiyo maana mtu anatazama tundu la sentimita 10 na kusema hapo paka hapiti, na asubuhi paka mwembamba anatoka humo akipiga miayo.

Kisha kuna joto. Ampli ikifanya kazi inapata moto, na bafle za siku hizi zenye ampli ndani yake zinabaki na joto hata wakati muziki umekwisha kunyamaza. Mwili wa paka mwenye afya uko na joto la digri 38 mpaka 39, zaidi kidogo kuliko wetu, naye anapenda mahali pa moto kuliko sisi. Katika mwezi wa Juni na wa Julai, wakati wa baridi ya hapa Katanga, sanduku la mbao lenye pamba ndani ni kitanda kizuri kuliko simenti ya sebule.

Halafu sikio. Mtu mwenye masikio mazuri anasikia sauti mpaka mitetemo 20,000 kwa sekunde moja. Paka anapita 60,000. Panya wanaongea kati yao kwa sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii hata kidogo, lakini paka anazisikia. Kama panya amefanya kiota ndani ya bafle yako, wewe unaona paka anaikazia macho bafle tupu. Yeye anasikia chakula. Mbele ya kumpiga, zima umeme, fungua sanduku nyuma na utazame. Mara nyingine paka ndiye aliyekuwa na haki.

Anayetutia hofu kuliko wengine ni paka jike mwenye mimba. Anachukua mimba siku 63 mpaka 65 hivi, na katika siku za mwisho anazunguka nyumba nzima akitafuta mahali pa giza, pakavu, pasipopita watu wala mbwa. Bafle iko na hayo yote. Na paka mwenye watoto hakimbii kama paka mwingine, anapigana.

TUNDU LILE NI LA NINI

Wengi wanauliza kwa nini wasizibe tundu lile la mviringo kwa simenti, habari ikaisha. Ni swali zuri, na jibu lake linafaa kujulikana.

Hoparleri iko na karatasi ngumu yenye umbo la faneli. Nyuma yake kuna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, mara nyingi ni wa shaba, ile shaba tunayoichimba, nao unakaa katikati ya sumaku. Umeme wa muziki ukipita ndani ya waya, waya unasukumwa mbele na nyuma, karatasi inaufuata, hewa inatetemeka, sikio linasikia wimbo. Wainjinia wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, walionyesha namna hiyo mwaka 1925, na mpaka leo haikubadilika sana.

Sasa, karatasi ikienda mbele na nyuma inasukuma pia hewa ya ndani ya sanduku. Nguvu hiyo ya nyuma ilikuwa inapotea bure, mpaka Mmarekani mwingine, Albert Thuras, akapewa hati ya uvumbuzi mwaka 1932 kwa ajili ya sanduku lenye tundu. Hewa iliyo katika tundu inatetemeka sawa na hewa ya chupa tupu ukiipulizia mdomoni, na inaongeza sauti nzito ya besi. Ukiziba tundu kabisa bafle haitakufa, lakini besi itapungua. Na hapa tunajuana: mtu anayependa gitaa la besi ataondoa zibo lile siku ya kwanza, na paka ataingia siku ya pili. Ulinzi unaomsumbua mwenye nyumba haukai. Hata kazini tunawaona wale wanaotoa kifuniko cha mashine kwa sababu kinawachelewesha.

HATARI YENYEWE

Umeme wa nyumba zetu ni wa volti 220. Bafle ziko za namna mbili. Ile ya zamani haina ampli ndani. Inapokea nyuzi mbili tu toka kwa ampli iliyo mezani. Watu wanafikiri nyuzi hizo hazina nguvu. Kwa ampli ndogo ni kweli. Lakini ampli ya wati 500 inayopigisha bafle ya omu 8 inafika volti 63 ikipiga kwa nguvu zote, na mafundi wa umeme wanahesabu hatari toka volti 50 mahali pakavu. Mahali penye maji hatari inaanza chini ya hapo, na mkojo wa paka ni maji ya chumvi.

Namna ya pili ni bafle yenye ampli ndani yake. Hiyo inapokea volti 220 ndani ya sanduku lilelile ambamo paka amelala. Tena ndani yake kuna vipande vinavyoitwa kondensateri, ambavyo kazi yao ni kuweka umeme. Hata ukitoa fishi katika priza, vinaweza kubaki na nguvu kwa muda. Mtu asiye fundi asitie kidole mle, hata kama taa nyekundu imezimika.

Paka akikaa ndani anafanya nini? Paka mtoto anatafuna nyuzi. Mkubwa anakojoa kuonyesha kwamba hapo ni kwake. Mkojo unakula shaba mpaka inakuwa ya kijani, kiungo cha waya kinalegea, na kiungo kilicholegea kinapata moto. Weka pamba kavu juu ya kiungo cha namna hiyo, ndani ya sanduku la mbao, karibu na pazia. Hatuna lazima ya kueleza zaidi. Paka mwenyewe akimeza uzi mrefu wa pamba, unaweza kumfunga utumbo na kumuua. Tena makucha yakigusa karatasi ya hoparleri yanaipasua, na feza zilizokusanywa miezi mingi zimekwenda.

Lakini kuna hatari moja ya kwetu hasa, na wengi hawaifikiri: kukatika kwa umeme. Umeme unakatika saa mbili ya usiku wakati muziki unapiga. Watu wanangoja kidogo, kisha wanalala. Ampli imebaki wazi, kitufe cha sauti kiko juu. Paka anaona bafle imenyamaza, anaingia. Saa tisa ya usiku umeme unarudi. Kazini, mtu anayekaa saa 8 katika kelele ya desibeli 85 anapashwa kulinda masikio yake. Paka aliye ndani ya bafle hana kitu cha kulinda yake, na tumekwisha kusema sikio lake ni kali namna gani. Anapagawa, anauma na kukwaruza kila kitu akitafuta njia. Mtoto anaamka, anasikia pusi analia, anakimbia gizani kumtoa. Baba yuko posti ya usiku. Kwa hiyo umeme ukikatika, toa fishi ya ampli katika priza mbele ya kulala. Ni kazi ya sekunde mbili, na inalinda ampli yenyewe pia, kwa sababu umeme unaporudi mara nyingi hauji polepole.

WAVU

Kinachofaa kuliko vyote ni wavu wa chuma wenye matundu ya sentimita 1 hivi, ule wa kufungia vifaranga wa kuku. Matundu hayo yanazuia paka mkubwa, paka mtoto na panya mkubwa, na hewa inapita vizuri. Kata kipande kinachopita ukingo wa tundu kwa sentimita 3 kila upande, ukunje ncha za waya zisichome mikono ya watoto. Usipige misumari. Bafle inatetemeka, na msumari unatoka kidogokidogo. Tumia visi na rondeli. Kati ya wavu na mbao weka ukanda wa mpira uliokatwa katika shambreri ya zamani ya baiskeli, kama sivyo wavu utalia pamoja na besi na mtu atakasirika na kuutoa.

Jambo moja ambalo hata maseremala wazuri wanalisahau: mbele ya kutoboa mbao, toa hoparleri, ama uifunike vizuri kwa plastiki, kama ni ile bafle isiyo na ampli. Kama chuma kinakatwa karibu, vumbi lake linavutwa na sumaku, linaingia pale waya unapocheza, na hoparleri itaanza kukwaruza bila paka yeyote. Wavu ukatiwe inje ya nyumba.

Wavu mwembamba wa mbu haufai kwa tundu la chini. Unabana hewa, sauti inapiga filimbi, na vumbi letu linauziba katika muda mfupi. Kitambaa peke yake kwa makucha ya paka si kitu. Viwanda vingine vinatoa zibo la sponji pamoja na bafle. Zibo hilo linasaidia kupunguza besi katika chumba kidogo, lakini paka analivuta kwa jino na kulitoa.

Mbele, pale penye hoparleri yenyewe, weka kifuniko cha chuma chenye matundu, kile kinachouzwa sokoni kwa kipimo cha hoparleri. Na usisahau nyuma. Tumeona bafle nyingi zenye mbele nzuri kabisa, nyuma ubao umeshikwa na visi viwili na kona moja iko wazi. Paka hapendi mbele kuliko nyuma. Panya naye anapita mahali penye upana wa kalamu ya risasi, kwa hiyo tundu la kupitishia nyuzi lizibwe kwa unga wa mbao na gundi.

Bafle ndefu isimame imara. Paka akiruka juu yake hataiangusha, lakini mtoto anayepanda kumfuata ataiangusha, na itamwangukia yeye. Ipige na kipande cha chuma ukutani, kama kabati.

Halafu umpe paka kitu kingine, kwa sababu mnyama aliyefungiwa mlango mmoja anatafuta wa pili. Karatoni yenye tundu pembeni na nguo ya zamani ndani, iwekwe mahali penye giza na joto, si karibu na mbabula. Paka mwenye kazi ya kukwaruza kitambaa cha bafle, mfungie gogo lenye gunia ao kamba ya katani lisimame imara palepale karibu na bafle. Kukwaruza si uharibifu kwake: anavua ganda la kucha la zamani, ananyoosha mgongo, na anaacha harufu ya miguu yake. Akizoea gogo, unaweza kulisogeza kidogokidogo kila wiki.

Kuna dawa za kienyeji na za dukani ambazo watu wanamwaga kwenye bafle ili paka akimbie. Paka wengi hawapendi harufu ya maganda ya machungwa. Petroli na mafuta ya taa ni moto unaongoja cheche. Naftalini ni sumu kwa paka, na watoto wanaidhania kuwa pipi. Dawa za wadudu zenye permetrini, hata zile zinazovumiliwa na mbwa, zinaweza kuua paka. Basi usipulizie kitu.

KAMA YUKO NDANI

Kazini kila mmoja wetu anajua utaratibu: mbele ya kutia mkono ndani ya mashine unakata umeme, unafunga na kufuli, ufunguo unabaki mfukoni mwako, kisha unahakikisha kwamba mashine imekufa kweli. Nyumbani ni vilevile. Zima ampli, toa fishi katika priza, na uishike fishi mkononi ao uifunge kwa kamba ili mtu asije akairudisha akidhani anasaidia. Kama bafle iko na betri, itolewe ao ikatwe. Watoto watoke chumbani.

Kisha usifanye kitu. Hiyo ndiyo kazi ngumu. Watu wanataka kumtoa mara moja: wanatia fimbo, wanamwaga maji, wanaleta moshi. Fimbo inamfanya aingie ndani zaidi na inapasua hoparleri. Maji na umeme tumeongea. Weka sahani yenye kapenta meta moja toka kwenye tundu, zima taa, funga mlango wa inje ili mbwa asiingie, na watu wote waondoke. Paka wengi wanatoka wenyewe nyumba ikitulia. Inaweza kuwa saa moja, inaweza kuwa usiku mzima.

Asipotoka, na bafle ni ile isiyo na ampli ndani, fungua ubao wa nyuma kwa turnevisi, polepole, na urudi nyuma. Vaa gantsi za ngozi za kazi na mikono mirefu. Ndani ya bafle nyingine kuna pamba ya vioo inayowasha ngozi na koo, kwa hiyo funika pua. Bafle yenye ampli ndani, mwite fundi. Paka aliyepigwa na umeme na kulala bado ameshika waya asiguswe hata na mwenyewe, mpaka umeme umekatwa.

Ukikuta watoto wachanga ndani, maoni yangu ni haya: kama nyumba inaweza kukaa bila bafle ile, waache. Macho yao yanafunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na kisha kidogo mama mwenyewe ataanza kuwatoa. Wiki tatu bila muziki si ugonjwa. Kama haiwezekani, ngoja mama aende kula, umfungie mlango, uwahamishe wote pamoja na nguo ao pamba waliyolalia katika karatoni iliyo karibu, usimwachie hata mmoja nyuma. Akirudi na kukuta harufu yake, kwa kawaida anakubali.

AKIUMA AO AKIKWARUZA

Tulimpokea mtoto wa miaka 8 aliyetia mkono katika tundu la bafle mahali paka alikuwa amezaa. Alikuwa na vidonda vinne vidogo, viwili kwenye kidole gumba na viwili juu ya mkono. Damu kidogo tu. Nyumbani waliweka majivu na kufunga na kitambaa. Walimleta siku ya tatu, mkono umejaa usaha na hawezi kukunja vidole. Alipona, lakini kisha kupasuliwa na dawa za siku nyingi, na kidole gumba mpaka leo hakikunji sawasawa. Alikuwa mtoto anayeandika kwa mkono huo.

Ukubwa wa kidonda unadanganya. Jino la mbwa ni nene na linachana. Jino la paka ni jembamba na refu kama sindano. Linapeleka vijidudu chini mpaka kwenye mishipa ya vidole na mifupa, kisha ngozi inajifunga juu yake. Mmoja wa vijidudu hivyo, pasterela, anaishi katika mdomo wa paka wengi wenye afya nzuri. Uvimbe unaweza kuanza mbele ya siku moja kupita.

Basi mtu akiumwa na paka, osha kidonda palepale kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15. Tazama saa, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko mnavyofikiri, na mtoto atalia. Kisha weka dawa ya iyode kama iko. Usiweke majivu, pilipili, mafuta ya gari, wala dawa ya miti. Usishone, usibane na plasta. Njoo dispanseri siku ileile, hata kama ni Siku ya Mungu, hata kama kidonda ni kidogo kama kichwa cha pini. Tutatazama chanjo ya tetanosi na haja ya dawa ya kuua vijidudu.

Tutauliza pia juu ya paka mwenyewe, na hapa ndipo maisha ya mtu yanaweza kukaa. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa, ambao wengi wetu tunauita raje, unaletwa hasa na mbwa, lakini paka aliyeumwa na mbwa mgonjwa anaupata na anautoa kwa mate yake. Dalili zikianza kwa mtu, karibu wote wanakufa. Hakuna lopitali inayoweza kuahidi kitu. Lakini chanjo inayotolewa mapema kisha kuumwa inazuia ugonjwa. Hilo linajulikana toka mwaka 1885, wakati Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa kule Ufaransa, na mtoto akaishi. Kwa hiyo msimuue paka kwa hasira na kumtupa. Mfungieni mahali, apewe chakula na maji, atazamwe siku 10. Akibaki mzima siku 10, hakuwa na ugonjwa huo katika mate siku aliyouma. Lakini chanjo haingoji siku 10: mganga ndiye anaamua kuanza, na paka akionekana mzima, mganga ndiye anaamua kusimamisha. Paka asiyejulikana, aliyeuma bila sababu, anayedondosha mate ao kuyumba, msimkaribie, mwite veterineri.

Anayekwaruzwa tu aoshe vilevile na aje. Kisha wiki moja ao mbili anaweza kuona tezi limevimba kwapani na homa kidogo. Hapo arudi na atuambie juu ya paka, asituambie homa peke yake, kwa sababu bila hilo tutafikiria malaria na tutapoteza siku.

MBELE YA KUFUNGA SANDUKU

Paka akiisha kutoka, bafle inabaki na uchafu wake, na hapo mama mwenye mimba asiguse. Katika kinyesi cha paka kunaweza kuwa na kijidudu cha toksoplasma. Mtu mzima mara nyingi hasikii kitu, lakini mama akikipata kwa mara ya kwanza wakati wa mimba, kinaweza kuharibu macho na ubongo wa mtoto aliye tumboni, ao kutoa mimba. Kijidudu hicho kinahitaji siku 1 mpaka 5 inje mbele ya kupata nguvu ya kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kinachotolewa kila siku hakina hatari sana; kile cha ndani ya bafle kimelala pale wiki nzima. Wamama wasiogope paka mwenyewe kupita kiasi: njia nyingine za ugonjwa huu ni nyama isiyoiva vizuri na mboga za shamba zisizooshwa, na hizo ziko katika kila nyumba.

Basi baba afanye kazi hiyo, na gantsi, umeme umekatwa. Pamba yote iliyochafuka ifungwe ndani ya mfuko na kutupwa. Isianikwe juani ili irudishwe. Mbao ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kisha siki kwa ajili ya harufu. Maji ya javeli hatuyapendi hapo, kwa sababu yakichanganyika na mkojo yanatoa hewa inayochoma kifua. Nyuzi zilizogeuka kijani zikatwe na fundi aweke mpya. Mbao ikauke kabisa siku mbili, ndipo pamba mpya inaingia. Lakini wavu upigwe visi siku ileile ya kwanza, wakati sanduku bado tupu, kwa sababu paka anakumbuka njia na usiku huohuo atarudi kutazama.